Kawa la Darasa na Neno Uliloninyima

Baba,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini siwezi kuanza kukugombeza bila salamu; hukunilea hivyo. Mama hajambo kwa hali yake. Bado yumo ndani ya eda, na kila sala anakutaja. Mimi nakutaja pia, ila mara nyingi nakuwa nimekunja uso.

Darasa lako la Kiingereza linanifia mikononi. Nilidhani kulirithi ni jambo jepesi: ubao upo barazani, chaki zipo, na watoto wa kidato cha pili wa Usagara nzima wanaijua njia. Hebu njoo uwaone! Tumefika kwenye yale maneno yako ya kukisia, may, might, could na must, na wamenishinda. Nikiwauliza lolote, wote jibu lao ni must. Wingu likipita, lazima mvua. Jirani akikohoa, lazima kifua kikuu. Hakuna mwenye shaka hata chembe. Nikafungua kitabu kinisaidie, nacho kinataka wakisie kama kesho itaanguka theluji. Theluji, Baba, hapa Tanga, na jasho lote hili.

Wewe hukuwafundisha hivyo. Ulikuwa ukiweka sahani katikati ya mkeka, juu yake lile kawa la ukili alilosuka Bibi, lenye mistari ya zambarau, lililotatuka kidogo karibu na kishikio. Mama ndiye aliyekuwa akificha kitu chini yake, na wewe mwenyewe hukuambiwa ni nini. Watoto wakalizunguka wakinusa kama paka. Ikisikika harufu ya iliki, basi may, huenda ni vitumbua. Isiposikika harufu yoyote, might, na sauti inashuka kidogo. Anayetaka kusema must ilibidi atoe ushahidi kwanza. "Hujafunua, hujajua," ulikuwa ukiwaambia. "Pima neno lako." Kisha kawa linafunuliwa, na aliyekisia sawa anaanza kula.

Basi lile kawa lilipotea kwenye matanga yako. Unayajua mambo ya vyombo vya msibani. Kila nyumba ilileta chakula, sahani zikachanganyika, na siku ya hitma wanawake wakapakua pilau, wakafunika kwa chochote kilichokuwa karibu, wakawatumia majirani. Kawa la darasa likaenda zake likiwa limefunika pilau ya hitma ya mwenyewe.

Nikajaribu kutumia beseni la plastiki. Watoto wakakisia kwamba ni beseni. Wengine hawajarudi tangu siku hiyo, na Shangazi Mwanaidi ameanza kulitazama baraza kwa jicho la kuweka friji auze juisi ya ukwaju. Anasema darasa lilikuwa lako, na wewe hupo.

Nikatoka kulitafuta nyumba kwa nyumba. Nilianza kwa jirani yetu wa ukutani, Bi Saumu. "Si hapa, mwanangu. Huenda liko kwa Mama Hadija." Mama Hadija: "Labda mke wa mjomba wako kaondoka nalo kwenda kwao Raskazone." Mke wa mjomba: "Yamkini limerudi kwa Bi Saumu." Mtaa mzima mabingwa wa kukisia, bila ubao wala chaki, na watoto wao ndio wale wanaoniambia must! Nilirudi nyumbani nikajifungia chumbani nikalia, na sikuwa nalilia kawa.

Nilikuwa nakulilia wewe, kwa hasira. Acha niseme, maana nimechoka kuimeza. Huenda, labda, yamkini, yote ulikuwa nayo, kwa lugha mbili, na ukayagawa kwa watoto wa watu. Mimi nilipokuuliza, siku ile nakwenda Mkwaja kwenye harusi ya binti wa ami, "Baba, daktari kasemaje?", ulinijibu nini? "Hakuna neno, mwanangu. Nenda ukacheze ngoma."

Hakuna neno! Mwalimu wa maneno! Ungenipa "huenda" moja tu, ile ndogo ya kushusha sauti, nisingepanda basi. Simu ilinikuta hina haijakauka mikononi. Barabara ya Pangani ilikuwa matope matupu, na nilipofika nyumbani ulikuwa umeshazikwa. Maiti hasubirishwi, najua, simlaumu mtu. Lakini uso wako sikuuona. Mama ananiambia ulikuwa kama mtu aliyelala, nami naitikia tu, kwa kuambiwa. Wanasema funika kombe mwanaharamu apite. Sasa mwanaharamu aliyepitishwa ni mimi, Baba? Mtoto wako wa pekee?

Jana alasiri nilikuwa na wale wachache waliobaki. Bi Saumu akaingia na sahani, na juu ya sahani, kawa letu. Akaiweka mkekani, akaniita pembeni. "Nisamehe, mwanangu. Lilikuwa kwangu siku zote. Ulipokuja sikuwa na kitu ndani. Ningerudishaje chombo kitupu kwenye nyumba ya msiba?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Amenizungusha mtaa mzima kwa sababu sahani hairudi tupu! Kisha akanishika mkono. "Na baba yako usimkasirikie. Nilimwambia amwite mtoto. Akanijibu, 'Bi Saumu, nimwite nimpe nini? Sina la kheri la kumpa. Mwache amalize harusi.'"

Nikakaa kwenye ngazi. Huku nyuma watoto walikuwa wameshaizunguka sahani, wananusa, bila kuambiwa na mtu. Nikamsikia Rukia, kinara wa wale wa must, akisema kwa sauti ya chini, might. Akaguna, akainama tena kunusa. Ulikuwa mkate wa kumimina, Baba, wa moto. Tuliula wote, na leo wamekuja wengi zaidi.

Kwa hiyo nakuahidi, darasa halifi. Shangazi akatafute pengine pa friji yake. Kawa nimelitundika kwenye msumari wako. Na siku nitakapokuwa na neno zito la kumwambia Mama, nitamwambia, hata kama sina la kulifunikia.

Ukiuliza kama nimekusamehe, jibu langu ni huenda. Pima mwenyewe ni ile kubwa au ile ndogo. Mola akulaze pema, mwalimu wangu. Ila siku ile ungeniletea tu hiyo sahani yako, Baba. Ningeipokea tupu.

Binti yako,
Mwanakombo