Helmeti ya Vitunguu

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Paka ameshakula, asikudanganye.

Pikipiki nimeichukua mimi. Kila Jumapili unaisugua mpaka inang'aa, halafu unaniambia wiki ijayo tutapanda barabara ya milimani tukapunge upepo. Leo asubuhi nimeikuta helmeti yangu jikoni, umeigeuza kapu la vitunguu. Wanasema subira huvuta heri. Yangu imevuta vitunguu.

Kuendesha najua, kaka yangu alinifundisha kabla hatujaoana. Hukuwahi kuuliza.

~~Usinisubiri.~~ Saa sita nitapita getini kukuchukua. Helmeti yako nimeivaa mimi. Yangu hiyo hapo mezani. Vitunguu nimevitoa, harufu utaizoea.

Utakaa nyuma. Unishike vizuri, kona ni nyingi.

Mama Watoto