Mke wa Onyesho la Tatu Ameanza Kujibu

Mpendwa mshauri,

Naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo tunapanda jukwaani na mimi nimefika mahali sijui kama ninaumwa au ninaandamwa. Nina miaka arobaini na mmoja, kazi yangu katika kikundi chetu cha maigizo ni kukaa nyuma ya pazia na maandishi mkononi nimnong'oneze mchezaji maneno yake akisahau, na mimi ndiye ninayenakili mchezo, huu ni mwaka wa kumi na tisa, kwa sababu baba yangu, ambaye ndiye mtunzi na mwenye kikundi, hampi mtu mchezo mzima, kila mchezaji anapewa daftari lenye maneno yake peke yake.

Mchezo wenyewe tunaucheza kila mwaka tangu nikiwa mtoto, bwana mmoja anamshitaki mkewe mbele ya ndugu, na katika onyesho la tatu anamgeukia anamuuliza, "Una la kusema?" na hapo maandishi yanasema kimya, mke anainua kikombe, anakunywa, anakufa, na ukumbi mzima unalia, hata mimi nimelia miaka yote bila kujiuliza kitu. Mwaka huu mkono ulikuwa umechoka nikaanza na daftari la mke kwa kuwa ndilo jepesi, nikamaliza kabla chai haijapoa, "Karibuni," "Ndiyo, bwana," "Chakula tayari," "Ndiyo, bwana," basi, nikayatazama yale makaratasi meupe yaliyobaki, nikayahesabu mara mbili.

Kesho yake mazoezini, saa tisa alasiri, madirisha wazi, bwana akauliza swali lake, kimya kikaja, na mara nikasikia sauti inanong'ona penye pazia, "Ninalo. Nimekuwa nikilisema tangu mlipoingia, ila hakuna aliyenyamaza," na mdomo ulikuwa wangu, mshauri, lakini maneno sikuyajua. Binti anayecheza mke akayapokea akayasema kwa sauti kama vile yamo daftarini mwake, na kikombe hakukigusa. Baba alikuwa kiti cha mbele, akamuuliza, "Nani amekupa hayo?" huku macho yake yakiwa kwenye pazia.

Nikaenda nyumbani nikafungua sanduku la mswada wa kwanza, ambao sikuwahi kuruhusiwa kuushika, na katika onyesho la tatu kuna ukurasa mzima umekatwa kwa wino mwekundu, na chini ya wino ni maneno yaleyale, kwa hati ya mama, hati iliyolalia kushoto kwa sababu alitumia mkono wa kushoto. Mama ndiye aliyemcheza mke mara ya kwanza, nikiwa na miaka mitano, mwaka huohuo sauti ikamkauka, na mwaka uliofuata tukamzika. Sasa baba anasema binti anyamaze Jumamosi, la sivyo mimi nitafute pa kwenda, na ninaishi kwake, na ni mzee, moyo wake mbovu, na ni baba yangu, nampenda. Lakini kila nikipita kwenye jukwaa tupu nasikia kikombe kikiwekwa mezani. Nifanye nini?

Wa nyuma ya pazia

*

Wa nyuma ya pazia,

Pole, mwanangu. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Miaka kumi na minane umelishika daftari lile na hukuona kwamba mwanamke anayeliza ukumbi mzima hana sentensi ya tano. Ulikuwa unausoma mchezo kwa macho ya bwana, kama sisi wote tulivyofundishwa. Tunamlilia mke kwa sababu kifo chake kimetungwa vizuri, wala hatuulizi kimya kile kimemfaa nani. Chukua mchezo mzima, funika maneno ya wanaume kwa karatasi, usome kilichobaki. Utajua ni nani aliyenyimwa na ukurasa gani.

Mganga usimtafute. Mama yako alikuwa akijifunza maneno yake nyumbani, nawe ulikuwa miguuni pake. Kichwa cha mtoto kinasahau, ulimi hausahau. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na cha kwenu kimekaa miaka thelathini na sita.

Baba yako mheshimu, tena mheshimu kwa kumwambia mapema. Usimvizie mbele ya watazamaji. Leo, akishakula, mwekee mezani ule ukurasa wenye wino mwekundu, umuulize swali lake mwenyewe: una la kusema? Kisha nyamaza umsikilize hadi mwisho, kwa kuwa hilo ndilo asilomfanyia mama yako. Huenda akalia. Huenda akakufukuza, kwa hiyo nguo zako ziwe zimeshatangulia kwa mama mdogo au kwa rafiki.

Binti naye acha kumnong'oneza. Ukimtilia maneno mdomoni asiyajue yanakotoka, umemfanyia yaleyale aliyofanyiwa mama yako. Mpe mchezo mzima, na mswada auone, achague mwenyewe kama atasema. Na kwenye tangazo la mlangoni waandikwe watunzi wawili. Baba akikataa hilo, mchezo usinakiliwe tena kwa mkono wako.

Jambo moja nimelichelewesha nisikutishe. Barua yako iko hapa mezani. Hati yako ni nzuri, imesimama wima, hati ya mnakili hasa. Ila pale ulipoandika jibu la mke, sentensi zile mbili tu, herufi zimelalia kushoto, na wino umeburutwa kama uliopitiwa na kiganja cha mtu wa mkono wa kushoto. Nimemwonyesha mpiga chapa wa gazeti letu. Amenirudishia karatasi, akaenda kunawa mikono.

Kwa hiyo Jumamosi, bwana akishauliza, wewe funga maandishi, weka mikono yote miwili mapajani pako, umwache mke ajibu.

Mshauri wako