Nyonga Yangu Haina Kiburi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimejua! Tumetoka hospitali, mimi na mume wangu Isakwisa. Mtaalamu wa mazoezi, kaka mmoja anaitwa Nelson, alinilaza chali akaukunja mguu wangu wa kulia kuelekea kifuani. Ukafika nusu — ukagoma. Maumivu ya kinena mpaka nikamkamata shati.

Akasema nyonga huzuiwa na vitu vingi. Msuli ukikaza unausikia unavuta nyuma ya paja, na ukiuzoesha unalegea. Kano nazo hushikilia. Yangu si msuli. Ni mfupa unagonga mfupa. Akaweka ngumi ndani ya kiganja kunionyesha kilichoonekana kwenye eksirei: kikombe cha nyonga kimezama mno, na mfupa wa paja una kinundu. Vikikutana, basi. Nimezaliwa hivyo. Hata nikijinyoosha mpaka Yesu arudi, mfupa haulegei.

Nikauliza, na kuzaa je? Akacheka, hilo halihusiani kabisa. Isakwisa alikuwa pale pale, kashika pochi yangu.

Kwa hiyo sina dharau! Tangu niolewe hapa Kisondela naitwa mwenye kiburi, eti nasalimia wakwe nimeinama tu, sichuchumai kama wake wengine wa ukoo. Magoti naweza kupiga. Mama mkwe akasema magoti ni ya kanisani.

Wakati wa kurudi Isakwisa alimwambia bodaboda nikae upande, nisitanue mguu. Kasema yeye mwenyewe atamwambia mama yake habari ya mfupa. Nalala na furaha.

Jumatano, 4 Juni

Wifi Asifiwe kaja na maneno kutoka nyumba kubwa, kwa mama mkwe. Jumamosi wazee wa ukoo wanakuja. Nisipochuchumaa mbele yao, mama ananirudisha kwetu Igogwe nikafundwe upya. Nikafundwe! Na umri huu!

Nikamwuliza, kwani mama hajaambiwa habari ya nyonga? Akanitolea macho. Nyonga gani?

Alhamisi, 5 Juni

Nimembana Isakwisa. Kwanza alisahau. Halafu mama alikuwa na wageni. Halafu ukweli ukatoka: huku ukisema nyonga ya mke ina tatizo, watu wanasikia tumbo. Na hatujapata mtoto. Wataanza kumtafutia mwingine. Heri waseme nina kiburi, anasema, kiburi kinapona.

Nikamwambia, si ulisikia kwa masikio yako kwamba havihusiani? Akasema yeye kasikia, wao hawatasikia.

Kumbe mimi ndiye wa kubeba lawama! Yeye abaki mtoto mzuri wa mama, mimi niwe mke jeuri. Chai imenishinda kunywa. Na bado nampenda — hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimejifungia chumbani. Nimeshika kitanda, nikashuka polepole. Mguu ukagoma pale pale. Nikalia kama mtoto. Pumbavu kabisa, mfupa huu.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika haraka haraka. 

Wazee walikaa barazani, manyunyu yanapiga bati. Nikaenda, nikainama, nikawasalimu kwa Kinyakyusa, "Mwagonile." Mama akasema, "Chini." Nikashuka. Mfupa ukagonga. Nikashika nguzo ya mlango, nikabaki hapo, si juu si chini, wote wananitazama. Baba mdogo mmoja akaguna, wasichana wa siku hizi wanainamia simu tu.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasema ni mfupa! Nimepimwa! Muulizeni Isakwisa, tulikuwa wote hospitali!

Wakamgeukia. Yeye akaangalia viatu vyake. Akaviangalia weee. Kisha akasema:

"Mimi sijui habari hiyo."

Hivyo hivyo. Mbele yangu! Nilihisi nimemwagiwa maji ya baridi. Mama hata hakupandisha sauti. Akasema basi, aende kwao, wamfunde, tutaona.

Sasa bodaboda iko nje inanguruma. Isakwisa kaingia kunifungia begi. Analifunga vizuri, khanga zangu kazikunja moja moja, mnafiki mkubwa. Akaniinamia sikioni: ukae upande, Lusungu, usitanue mguu huo, utaumia.

Nikamwambia, nenda barazani ukayaseme hayo hayo. Kwa sauti. Wasikie.

Kalibeba begi mpaka mlangoni. Kasimama. Mama anauliza huko nje, mbona mnachelewa, kuna nini?

 Isakwisa bado kasimama na begi langu mkononi.