Chumba cha Nyuma Uzunguni

Jumatatu, 3 Machi
Maji yamekatika tena. Ndoo sita kabla ya kazi. Chumba cha uani kimeshapakwa rangi. Mama anakuja kesho kutoka Mlali. Ana sukari, na kidonda cha mguu kinataka kusafishwa hospitali kila siku, wiki tatu. Akikatisha, mguu utakatwa.

Vyumba ndani vipo, lakini mama halali chini ya paa moja na mkwewe. Sisi Waluguru, mume wangu Mkaguru wa Gairo. Kwa hilo hakuna mzaha pande zote mbili.

Jumanne, 4 Machi
Mama kafika. Kakitazama chumba, kasema ahsante. Kitandani hakukaa.

Jumatano, 5 Machi
Mama hali chakula. Hospitali kaenda kimya, karudi kimya. Nimeudhika. Rangi mpya, choo chake mwenyewe, bado kanuna.

Alhamisi, 6 Machi
Kafunga mzigo. Anarudi Mlali. Nikamfokea, Mungu anisamehe. Ndipo akasema:

“Mwanangu, baba yangu alikuwa mpishi wa Mzungu, mtaa huu huu. Alilala kijumba cha nyuma kama hiki. Sie watoto tukija kumwona, giza lisitukute huku. Mweusi wa kulala Uzunguni ni mtumishi tu. Leo nyumba kubwa ni ya mwanangu, na mie kaniweka kulekule.”

Miaka minne nimepewa nyumba hii ya serikali, kile chumba nakiita stoo. Kilijengewa nani, sikuwahi kujiuliza. Naona aibu. Nimemwomba anivumilie mpaka Jumamosi.

Ijumaa, 7 Machi
Nyuma hataki, ndani mila inamkataza. Nimpangie chumba mtaa wa Kilakala? Nani atamhudumia huko? Nimemweleza mume wangu yote. Nimelia jikoni, hasira na woga pamoja.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi mume wangu kabeba godoro, redio na pasi, kahamia chumba cha nyuma. Kampitia mama kwa mbali, macho chini. Akanituma mimi: “Mwambie mama, huku nyuma ndiko kwangu mpaka apone. Ndani simo.”

Nikafungua mlango wa mbele. Mama kasimama kizingitini kitambo. Kisha akaingia, mzigo kaufungua mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi
Mvua toka alfajiri. Milima haionekani. Saa mbili sasa, na mama bado amelala. Tangu nimjue, jua halijawahi kumkuta kitandani. Simwamshi.