Ribiti Saba Chini ya Deraya

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia kidogo, na mama hajambo. Mimi mzima, ila grisi imenipanda hadi masikioni.

Hapa karakana tumeletewa gari la deraya la kuigizia filamu. Ukiliona kwa mbali unatimua mbio. Ukiligonga linalia kama sufuria. Bati na mbao tupu! Wenyewe wanataka litembee tena. Nikajitia kujua, nikaagiza springi za lori la tani tano. Zimekataa kabisa, na fundi mkuu ananicheka. Namba ya chesisi imesagwa, kwa hiyo sijui chini ya bati kuna lori gani. Wewe uliyekuwa ukiyajua malori kwa kuyapapasa, nianzie wapi?

Mwanao, kitindamimba

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule. Mama yako anasema ni ukaidi tu.

Usiamini bati wala rangi. Lala chini, futa mafuta, hesabu vyuma vinavyokingama kati ya mihimili miwili ya chesisi. Vikiwa sita, na cha tatu kimepinda kupisha shafti, hilo ni lori la magunia la zamani.

Zaidi ya hapo usiniulize. Lori la mwisho kulitia kiraka cha chesisi lilikuwa la aina hiyo, la kiwanda cha unga. Nilikibana kwa ribiti saba, pini za chuma za kugongwa kwa nyundo, ya saba kando, maana bomba la breki lilinizuia. Wiki ya pili likapinduka mteremkoni, likamuua dereva, rafiki yangu. Wakasema kiraka kimeachia. Likauzwa kabla sijaliona. Miaka ishirini na sita sijashika nyundo, na nikikutana na mjane wake nainamisha kichwa.

Baba yako

21 Machi

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, leo sikuulizi hali.

Vyuma ni sita. Cha tatu kimepinda. Nikaendelea kufuta upande wa kulia, nyuma ya kichwa cha gari, nikakuta kiraka. Nimehesabu ribiti mara nne kwa kidole, nimefumba macho kama ulivyokuwa ukifanya. Saba. Ya saba iko kando, na pembeni yake bado kuna kishikizo cha bomba la breki.

Baba, hakijaachia! Hakuna ufa hata wa kupitisha unywele. Chesisi ilivunjika kwingine, hatua nzima mbele yake, chini ya injini, na mtu mwingine akaja kupachomelea ovyo. Nilimwita fundi mkuu, mtu asiyeshangazwa na lolote. Alilala chini muda mrefu, akatoka, akavua kofia.

Lori limepinduka, limeuzwa, limevishwa deraya ya uongo, na kazi ya mikono yako imekaa palepale. Nimekaa chini sakafuni nikiitazama, najiona mdogo sana.

Tarehe nane mwezi ujao tunalifunika tena. Niandikie basi, hata neno moja.

Mwanao

7 Aprili, juu ya meza yako ya kazi

Mwanangu,

Sijambo. Mgongo nao umeamua kuninyamazia.

Mlinzi wa karakana anasema umekwenda kula. Sikukuandikia kwa sababu kila niliposhika kalamu machozi yalinitangulia. Barua yako niliipeleka kwa mjane wa rafiki yangu, nikamsomea mlangoni, nimesimama. Aliniambia nirudie. Halafu akauliza basi linaondoka saa ngapi.

Tumeazima taa yako. Tuko chini ya gari, sote wawili; mlinzi atakuwekea barua hii mezani. Anahesabu kwa kidole, na amefika ya tano. Usituite kwanza.

Baba yako