Aliyeitika Pakawa

Mji wa Ibra, Uarabuni, Alkhamisi

Yule mwanamke wa Kizungu kutoka Welisi angenyamaza, angepungukiwa na nini? Ni mwalimu wa binti yangu Salma, na zamani alisomesha Unguja. Leo alipokuja kwetu kunywa kahawa katuhadithia, kwa Kiswahili chake cha kuokota, ngano ya kwao: jini wa ziwani aliolewa, mume akampiga mara tatu, akarudi zake majini.

Mama alipendezwa, akataka kumlipa kwa ngano yetu. "Paukwa!"

Salma, asiyejua Kiswahili ila neno mojamoja la jikoni, akaniuliza kwa Kiarabu, "Bibi anataka chakula?"

"Pakawa!" akaitika mwalimu. Nilitamani kahawa imuunguze ulimi.

Mama akampa Salma mgongo, akahadithia mpaka mwisho. Halafu akanambia, "Mtafsirie mgeni."

Nikamgeukia mwalimu.

"Si huyo," akasema Mama.