Mahali Peupe Kwenye Picha ya Bandari

Abaayo, dada yangu mkubwa,

Binti yako Hodan alifika mtaani kwangu Waberi jana. Kabla hata ya chai alisimama mbele ya picha yako ya bandari ya Kismayo, akaikazia macho.

Unakumbuka ulivyoitengeneza kule kambini Hagadera? Mbao tatu za kuchonga, kila rangi na ubao wake: buluu ya maji, nyekundu ya mabati yenye kutu, nyeusi ya mistari yote. Unapaka wino, unalaza karatasi, unasugua kwa mgongo wa kijiko. Mimi nakuchokoza, "Dada, leo unapika bahari?" Unasema, "Nyamaza, shika karatasi isiteleze."

Kwenye ubao wa rangi nyeusi ulimchonga baba, amesimama gatini na gunia lake. Picha zake zote zilibaki tulipokimbia vita. Mimi nilikuwa mdogo sana, kwa hiyo uso wake ulikuwa kichwani mwako tu. Na siku zile nilikuwa nimeshika dini kwa hasira. Nikakwambia kuchonga mtu ni haramu, mtoe. Ukanijibu, "Simwabudu. Namkumbuka."

Dada, ule ubao haukuliwa na mchwa. Ulipoenda kuchota maji nilichukua kisu chako, nikamkwangua baba mpaka akaisha. Sikumwuliza sheikh hata mmoja. Uliporudi nikakwambia mchwa. Ulipitisha kidole kwenye shimo, ukanitazama, ukasema, "Mchwa wa hapa wana hasira." Basi. Ukachapa hivyo hivyo, bandari yote ina rangi, pale gatini peupe. Nilingoja unigombeze mpaka siku tuliyokuzika.

Wageni wakija wanasema ule weupe ni jua. Nawaacha waseme.

Hodan hakusema jua. "Abti," akaniita mjomba wake, "hapa palikuwa na nini?"

"Mchwa walikula ubao."

Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Mbona naona michirizi ya kisu? Mchwa wenu walikuwa na visu?"

Chai niliyokuwa nikimimina ikamwagika kwenye mkeka. Nikamwambia yote. Alitoka kwenda uani, akakaa huko, mimi nikabaki nafuta mkeka uliokwisha kukauka. Aliporudi alikuwa na karatasi na penseli.

"Babu alifananaje? Niambie sasa hivi."

Abaayo, sikuwa na uso wa kumpa. Pua sijui. Macho sijui. Nilitafuta mpaka jasho likanitoka. Nilichopata ni bega la kulia, lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto, magunia yalilishusha.

"Bega tu, abti?"

"Bega tu."

Akanitazama kwa yale macho yako. Halafu akainama, akaanza na bega.

Allah akurehemu, abaayo. Haya nilitakiwa kukwambia ukiwa hai, ukiwa umekaa karibu, mkono wako ukinifikia.

Ndugu yako mdogo